Udongo wa juu si chakula: uyoga wa vifungo nyumbani kwangu Lushoto

Mtu akinipigia simu kuuliza habari za uyoga, swali la kwanza ni mbegu zinapatikana wapi, na la pili ni kilo inauzwaje. Udongo wa kufunikia hauulizwi. Nikiutaja mimi, najibiwa, "Ah, huo si ni udongo tu?" Hapo ndipo ninapomwambia avute kiti kama yuko kwangu, au aongeze salio kama yuko mbali, maana tutakawia.

Naishi Lushoto, kwenye milima ya Usambara, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nalima uyoga wa vifungo, ule mweupe wa mviringo unaouzwa kwenye vipakiti supamaketi, ndani ya banda la udongo nyuma ya jiko. Baridi ya huku, inayotulaza na blanketi mbili mwezi wa Juni na Julai, ndiyo mtaji wangu mkubwa. Utando wa uyoga huu, yaani zile nyuzi nyeupe zinazotambaa na kula ndani ya mboji kabla vichwa havijatoka, hupenda nyuzijoto 24 au 25 wakati unatambaa, lakini ili utoe vichwa hutaka zishuke hadi 16 au 18. Tanga mjini hali hiyo huipati bila mashine ya kupoza. Huku nafungua dirisha tu.

Nilianza na mamama kama walivyoanza wengi. Mamama ni uyoga mpole: unakata majani ya mpunga, unaloweka, unachemsha, unapanda kwenye mifuko, unatoboa matundu, unavuna. Haudai kufunikwa na kitu chochote. Uyoga wa vifungo una mambo yake. Uulishe unavyotaka, usipoufunika, utando utajaa kreti zima, mweupe wa kupendeza, kisha utakaa hivyo hivyo bila kukupa kitu cha kuweka kwenye mizani. Unataka vitu viwili vyenye tabia zinazopingana: chini mboji iliyoshiba, juu udongo maskini, usio na chakula lakini uliojaa maji. Nikikutana na mtu ambaye makreti yake yamegoma, mara nyingi nakuta amevichanganya vitu hivyo viwili, ama juu amerutubisha, ama chini amepunja.

Nianze na chini. Majani ya mpunga nayafuata Mombo, pale inapoanzia barabara ya kupanda huku, kwenye mashamba ya umwagiliaji. Baada ya mavuno wenyewe huyaachia ng'ombe au huyachoma, kwa hiyo ukiwahi na kenta yako mnaelewana bei bila ugomvi. Nachagua yenye rangi ya dhahabu, makavu, yasiyonyeshewa. Yale yaliyolala shambani yakapigwa na mvua yameshaliwa na ukungu mwingine kabla hayajafika kwako. Samadi natoa kwa mama mmoja anayefuga kuku wa nyama, ikiwa imechanganyika na maranda, na naikausha kwanza juani. Jasi inatoka Makanya, upande wa Same, inakochimbwa kwa ajili ya viwanda vya saruji.

Kwa kilo 100 za majani makavu naweka samadi ya kuku kilo 40, pumba za ngano au za mpunga kilo 7, urea kilo moja na nusu, na jasi kilo 3. Hesabu hii inakusudia kuanza na kaboni 30 hivi kwa naitrojeni moja, na mwisho wa safari ibaki kama 17 kwa moja. Mtu mwenye haraka huongeza urea akidhani anaongeza chakula. Anachoongeza ni amonia, na amonia ndiyo adui wa kwanza wa mbegu zako.

Sina chumba cha mvuke cha kuivishia mboji kama wakulima wakubwa, kwa hiyo nafuata njia ndefu, ile ya siku 28. Majani yanalowekwa kwa siku mbili tatu yakiwa yametandazwa sakafuni, yanageuzwa na kukanyagwa mpaka yanywe maji hasa, ndipo yanachanganywa na samadi, pumba na urea na kurundikwa. Rundo liwe na upana na kimo cha mita moja na nusu hivi. Likiwa chini ya mita moja kila upande, joto linatoroka na mboji haiivi, na hii ndiyo sababu siwashauri watu waanze na kilo ishirini za majani. Kreti unaweza kuwa na mawili tu. Rundo haliwezi kuwa dogo. Bora muungane majirani watatu mtengeneze rundo moja, kisha mgawane.

Siku ya 6 nageuza, siku ya 10 nageuza tena, na baada ya hapo kila baada ya siku tatu. Jasi naiingiza siku ya 13. Kazi yake si kulisha. Majani na samadi vikishaanza kuoza huwa na utelezi fulani, vinagandamana, hewa haipiti, na pasipo hewa rundo linachacha na kunuka uvundo. Jasi inaukata utelezi ule, majani yanaachana. Katika kugeuza, kilichokuwa nje kiingie ndani na kilichokuwa ndani kitoke nje, maana katikati ya rundo joto hupita nyuzi 70 na pembeni ni baridi tu. Kabla sijanunua kipimajoto nilikuwa nachomeka nondo katikati ya rundo, naiacha kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, naichomoa na kuishika kwenye ncha. Ikinifanya niiachie upesi, kazi inaendelea. Ikishikika, kuna tatizo: maji yamepungua au yamezidi, au rundo limeminyana.

Katika wiki ya tatu, ukilifungua rundo, utaona kwenye majani madoadoa meupe ya unga unga. Wageni wakiyaona hushtuka na kudhani mboji imeharibika. Mimi nikiyaona nafurahi. Ni bakteria wa jotojoto wanaomalizia kazi ya kuigeuza ile amonia kuwa chakula ambacho uyoga unakiweza na vimelea vingine vingi havikiwezi. Majani yenyewe kwa wakati huo yamekuwa ya kahawia iliyoiva, yanakatika ukiyavuta kidogo, na mkono haubaki na utelezi.

Halafu kuna pua. Nachukua mboji kiasi cha kujaza mfuko mdogo, nafunga mdomo, nauweka ndani ya nyumba usiku kucha. Asubuhi, kabla ya chai, naufungua na kunusa. Nikipata hata chembe ya ule ukali unaochoma macho bandani mwa kuku, sipandi. Nageuza rundo tena na kusubiri siku tatu nyingine. Mboji iliyo tayari hunukia utamutamu wa msituni baada ya mvua. Ukipanda na amonia imo, mbegu hufa kimya kimya, na badala yake huota vile vyoga vyembamba vya kijivu ambavyo kofia zake huyeyuka kwa siku moja zikawa wino mweusi. Ukiviona kwenye kreti lako, jua mboji iliondoka jikoni haijaiva.

Unyevu napima kwa kukamua. Konzi moja ya mboji ikikamuliwa kwa nguvu, kiganja kilowe na matone mawili matatu yachungulie katikati ya vidole. Yakitiririka, itandaze ipungue maji. Usipopata hata tone moja, nyunyiza ukigeuza.

Upandaji wenyewe hauna mengi. Mbegu huja kwenye chupa au mifuko, zimekuzwa juu ya punje za mtama au ngano, na kwa kilo 100 za mboji mbichi gramu 500 hadi 700 zinatosha. Chupa yenye kona ya kijani irudishe hata kama muuzaji ni shemeji yako. Nachanganya mbegu na mboji, najaza makreti ya mbao kimo cha sentimeta 15 hadi 20, nakandamiza kidogo, nafunika na magazeti yaliyoloweshwa, nafunga banda. Magazeti nayanyunyizia kila siku, siyo mboji. Kwa wiki mbili hivi utando unatambaa mpaka mboji yote inabadilika rangi na kugeuka nyeupe yenye ukahawia.

Sasa tuje juu.

Ulaya wanafunikia na mboji ya vinamasi, ile nyeusi inayochimbwa nchi kama Ireland, wakaichanganya na chokaa kwa sababu yenyewe ni chachu mno. Inashika maji mengi mno bila kugandamana, na chakula ndani yake ni kidogo. Huku kwetu mawazo ya mtu huenda moja kwa moja kwenye udongo mweusi wa msitu wa Magamba. Magamba ni hifadhi, udongo wake hauchotwi ovyo. Lakini hata ungekuwa wa bure nisingeutaka. Una rutuba, una minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, una ukungu wa kila namna.

Jirani yangu mmoja, fundi cherehani, alitaka kuona mwenyewe. Kreti moja alilifunika kwa udongo nilioutengeneza mimi, la pili akalifunika kwa mboji ya bustanini kwake, nyeusi tii, ile anayokuzia karoti za kusifiwa mtaa mzima. Yote mawili yalitoka rundo moja na mbegu moja, na yakakaa chumba kimoja. Lile la mboji ya bustani lilipata nzi weusi wadogo kwanza, kisha likaingiwa na ukungu wa kijani pembeni, na utando wenyewe ukapanda juu ukajitandaza kama blanketi bila kufunga hata kitumba kimoja. Lilikuwa somo lililonifaa kuliko semina yoyote, na gharama ilikuwa yake. Utando ukikuta chakula juu, unaendelea kula. Ukikuta hakuna chakula ila maji na hewa, ndipo unapoanza kutafuta namna ya kuzaa.

Kwa hiyo niliamua kutumia makumbi ya nazi. Shangazi yangu yuko Pangani, na huko nazi haina ugeni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Baridi haijawaua huko?"

"Bado tupo. Shangazi, naomba makumbi. Si nyuzi zake, lile vumbi."

"Vumbi lipi? Hili linalobaki tukishapiga usumba? Si tunalitupa!"

"Ndilo hilo hilo, viroba viwili vitatu."

"Makubwa! Kumbe huko milimani siku hizi mnalima takataka."

Nikamuuliza makumbi yenyewe yalilowekwa wapi, akanishangaa. Baharini, si wapi. Wanawake wa pwani wanaosuka kamba huyafukia makumbi kwenye tope la ufukweni, maji yakawa yanajaa na kupwa juu yake kwa miezi kadhaa, mpaka nyama yake ioze na nyuzi ziachane. Hapo ndipo yanapopigwa, usumba unatoka, vumbi linabaki chini. Ni kazi ya siku nyingi na ya mgongo. Lakini kwa mtu wa uyoga maana yake ni moja: vumbi lile limekunywa bahari. Chumvi hiyo ukiiweka juu ya utando, nyuzi zake hujikunja na kurudi chini, hazipandi.

Basi nalifua. Viroba vikifika naviacha kwanza mvuani kama ni majira ya mvua, kisha nalimwaga vumbi ndani ya pipa, natia maji mpaka juu, nakoroga, naliacha usiku kucha, asubuhi namwaga maji. Maji ya kwanza hutoka ya kahawia iliyokolea, ya pili yamepungua, ya tatu karibu meupe. Rangi peke yake haitoshi kukuambia chumvi imekwisha, kwa kuwa rangi ni ya makumbi yenyewe na chumvi haina rangi. Katika maji ya tatu natia konzi mbili za jasi, ile ile ya Makanya. Kalsiamu iliyo ndani ya jasi inaisukuma sodiamu iliyong'ang'ania kwenye vumbi, ikatoka pamoja na maji. Baada ya hapo naliosha mara moja zaidi kwa maji matupu. Nikishakamua, nachovya kidole na kuonja. Halafu kwa uhakika zaidi natia vumbi kidogo kwenye kopo na kupanda mbegu za saladi, mboga ambayo haivumilii chumvi. Zikiota sawasawa na kusimama, vumbi liko tayari. Zikichomoza kisha zikaungua ncha, narudi kwenye pipa.

Yapo pia matofali ya makumbi yaliyoshindiliwa, yanauzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa ajili ya vitalu vya miche. Ni rahisi kutumia na mara nyingi ni masafi, lakini nayo nayapitisha kwenye kopo la saladi, maana sijui yalikotokea.

Mchanganyiko wangu ni sehemu tatu za vumbi la makumbi kwa sehemu moja ya udongo mwekundu wa chini, ule unaochimbwa kuanzia kimo cha goti kwenda chini, usio na mizizi wala rutuba. Udongo unaleta uzito. Makumbi peke yake ni mepesi mno, ukinyunyizia maji yanarukaruka na kuacha mashimo. Kisha chokaa. Udongo wa Usambara una uchachu, makumbi yana uchachu kidogo, na ukungu wa kijani unapenda uchachu. Utando wenyewe nao kadiri unavyokua hutoa asidi, kwa hiyo unahitaji kuanza juu kidogo ya katikati: kati ya 7.2 na 7.5 kwenye karatasi za kupimia asidi zinazouzwa maduka ya vifaa vya maabara.

Tumia chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Kopo moja kwa makopo kumi na tano hadi ishirini ya mchanganyiko, kisha unapima na kurekebisha. Chokaa ya kupaka ukuta ni kali, inaunguza mikono na inapandisha kipimo ghafla. Ukilazimika kuitumia, iwe konzi tu, na mchanganyiko ulale siku kadhaa kabla ya kupimwa tena. Wazo la mawe ya chokaa si geni kwa uyoga huu. Wafaransa walioulima kwenye machimbo ya mawe chini ya jiji la Paris katika karne ya 19 walifunikia matuta yao kwa vumbi la chokaa la machimbo yale yale. Walitumia kilichokuwa miguuni pao, kama ninavyotumia mimi kinachotupwa Pangani.

Baada ya kuchanganya, nafukiza. Pipa la lita 200, maji kimo cha kiganja chini, matofali, wavu juu ya matofali, na viroba vya mchanganyiko juu ya wavu. Moto mdogo. Natumbukiza kipimajoto katikati ya kiroba, na nyuzi zikifika 60 nazishikilia kati ya 60 na 65 kwa saa sita. Kuni zinaenda kidogo, ila lazima ukae hapo hapo, huwezi kuondoka kwenda sokoni. Joto hilo linaua mayai ya nzi, minyoo na ukungu mwingi mkorofi.

Hapa nina la kusema zaidi, kwa sababu ndipo wasomi wanapopotea. Rafiki yangu mwalimu wa baiolojia aliona saa sita za moshi ni ushamba. Akaja na sufuria ya presha ya kwao, tukapika mchanganyiko kiasi cha kreti moja mpaka hakuna kiumbe hai kilichobaki ndani, safi kuliko maziwa ya dukani. Tukaliweka kreti hilo karibu na yale ya pipa. Utando ulipanda haraka, ukatoka juu, ukafura pamba nyeupe, na ukakaa. Vitumba vilivyotoka vilikuwa vya kuhesabika, tena vimejificha pembeni kwenye ubao. Makreti ya pipa yalikuwa yamejaa.

Sababu imechunguzwa na inajulikana. Katika udongo wa kufunikia huishi bakteria, hasa wa jamii ya Pseudomonas, ambao hula hewa fulani zinazotolewa na utando wenyewe. Hewa hizo zikibaki, zinauzuia utando kufunga vitumba. Bakteria wakiziondoa, kizuizi kinaondoka. Ukiupika udongo mpaka ukafa kabisa umewaua na hao wasaidizi. Ndiyo maana wanaofanya utafiti kwa udongo usio na kiumbe hulazimika kutia makaa maalumu yanayonyonya hewa hizo. Nyuzi 60 zinawapunguza wabaya na kuwaacha hawa wakarudi upesi. Mwalimu alipoambiwa hivyo alicheka, akasema wanafunzi wake wamepata swali la mtihani.

Kufunika kwenyewe ni kazi ya subira ya nusu saa. Mchanganyiko uliopoa na wenye unyevu namwaga juu ya mboji kwa mikono, bila kushindilia, kimo cha sentimeta 4 hadi 5. Nina njiti ya mshikaki niliyoitia alama kwa wino. Naichomeka kila kona na katikati. Pakiwa pembamba utando unatoka mapema na uyoga unaota kwa mafungu yanayobanana. Pakiwa panene unachelewa, na unajikuta unavuna kona moja wakati nyingine bado inalala. Kusawazisha natumia ubao, naupitisha taratibu bila kuuegemea. Udongo ukishindiliwa unaziba, hewa haipiti, na juu panakuwa na utelezi.

Siku chache za kwanza maji ni mengi lakini kidogo kidogo: napitisha pampu ya mkono yenye matone madogo asubuhi na jioni mpaka udongo ushibe. Maji yakipenya hadi kwenye mboji, umeuzamisha utando. Banda nalifunga, joto linabaki kwenye 24 au 25. Kati ya siku 7 na 10, ukichungulia kwa tochi kwenye vibonde vya udongo, unaona nyuzi nyeupe zimefika, zimetambaa chini ya vinundu vya makumbi. Hapo nafungua madirisha yenye wavu. Baridi ya Lushoto inaingia, hewa ukaa iliyojikusanya inatoka, joto linashuka hadi 16 au 18. Mabadiliko hayo ya ghafla ndiyo yanayouambia utando kwamba wakati umefika. Kuchelewa kufungua madirisha kunaleta ile pamba juu ya udongo ambayo kila anayeanza hunitumia picha yake akiuliza kama ni ugonjwa.

Vitumba vikitokea, ukubwa wa kichwa cha pini, pampu naiweka kando. Maji yakivipiga wakati huo vinakuwa kahawia na kufa. Nanyunyizia ukuta na sakafu tu ili hewa ibaki na unyevu. Vikifika ukubwa wa harage narudia kumwagilia, asubuhi, na kuhakikisha vinakauka kabla ya jioni. Kofia ikilala na maji inapata madoa ya kahawia yanayoteleza, ambayo ni bakteria, na mwenye hoteli hataki hata kuuangalia. Ukizingatia hayo, takribani wiki tatu tangu ulipofunika unaanza kuvuna. Navuna kwa kuzungusha, sikati kwa kisu, na shimo linalobaki nalijazia udongo ule ule wa kufunikia niliouweka akiba kwenye kiroba safi.

Magonjwa sitayamaliza leo. Moja tu: ukiona uyoga umefura ukawa donge lisilo na umbo, usiling'oe kwa mkono na usilimwagie maji, maana utasambaza mbegu za ugonjwa kreti zima. Lifunike kwa chumvi ya mezani, kijiko kizima, juu na pembezoni, kisha weka kikombe cha plastiki kilichopinduliwa juu yake. Ndiyo, chumvi ile ile niliyohangaika kuifua kwenye makumbi. Na osha mikono kabla ya kugusa kreti jingine. Nzi ndio wanaosafirisha ugonjwa huu, kwa hiyo wavu wa dirishani usiwe na tundu hata moja, na mlangoni weka pazia.

Mavuno huja kwa vipindi, kimoja kila wiki hivi. Viwili vya kwanza ndivyo vyenye faida, cha tatu ni cha kitoweo cha nyumbani, na baada ya hapo sipotezi maji. Namwaga makreti, nayapiga brashi kwa maji ya chokaa, nayaanika juani kabla ya kuyajaza upya. Mboji iliyotumika bado ina nguvu, ila ina chumvichumvi za samadi na jasi, kwa hiyo nairundika nje inyeshewe msimu mmoja ndipo naiuza kwa wakulima wa kabichi wa huku juu. Udongo wa juu nao unaingia humo humo. Fundi cherehani hununua viroba viwili kila msimu kwa ajili ya karoti zake, na huwa anauliza kwanza kama umeshapigwa mvua ya kutosha.